Kuweka nenosiri la kuwashia kompyuta ya mezani

Kompyuta ya mezani katika ofisi na maduka mengi ya Uganda haina mwenyewe mmoja. Asubuhi huwashwa na karani, mchana hukaliwa na mhasibu anayetoa ankara za EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato URA, na jioni hubaki mikononi mwa yeyote aliyekabidhiwa kufunga mlango. Nenosiri linaloombwa mara tu kitufe cha umeme kinapobonyezwa, kabla Windows haijaanza kupakiwa, huipa mashine ya namna hiyo ulinzi ambao nenosiri la kawaida la kuingilia haliwezi kuutoa, mradi liwekwe pamoja na mambo mengine mawili matatu ambayo wengi huyaacha. Likiwekwa peke yake, litamzuia mpita njia tu. Mwizi aliyelibeba kasha zima, lile ambalo wengi wetu huliita CPU, hatazuiwa na chochote, kwa kuwa atalifungua kwa bisibisi, atatoa diski na kuisomea kwenye mashine nyingine.

Manenosiri manne, kazi nne

Kabla ya kugusa kitufe chochote, ni vyema kutenganisha manenosiri ambayo huchanganywa mno katika mazungumzo. La kwanza ni nenosiri la kuwashia. Hili hukaa katika programu ya msingi iliyomo ndani ya chipu ya bodi mama, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta, na ambayo katika mashine za zamani huitwa BIOS na katika zile za miaka ya karibuni huitwa UEFI, ingawa mafundi huendelea kusema BIOS kwa zote mbili, nami nitawafuata. Bila nenosiri hilo mashine haianzi kusoma diski wala flashi. La pili ni nenosiri la msimamizi wa BIOS, ambalo haliombwi kila siku, ila pale tu mtu anapotaka kuingia kwenye mipangilio ya BIOS na kubadili kitu. La tatu ni la kufungulia diski iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa isomeke kwa mwenye ufunguo tu, kama PIN ya BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski. La nne ni la akaunti ya mtumiaji ndani ya Windows, na kwa watu wengi hilo ndilo pekee wanalolijua.

Nenosiri la Windows halitoshi kwa sababu linalinda mlango wa Windows, wala si diski yenyewe. Mtu akichomeka flashi yenye mfumo mwingine na kuiwasha mashine kupitia flashi hiyo, anaweza kuzisoma folda zako zote huku Windows ikiwa haina hata habari, kwa kuwa haikuamshwa. Nenosiri la kuwashia linaifunga njia hiyo. Lakini nalo lina kasoro yake: katika bodi nyingi zinazotumia BIOS ya kampuni ya AMI, ukiweka nenosiri la mtumiaji peke yake bila la msimamizi, kila anayelijua nenosiri hilo huingia kwenye mipangilio akiwa na mamlaka yote ya msimamizi. Maana yake ni kwamba karani uliyempa nenosiri ili awashe mashine asubuhi anaweza pia kulibadilisha na kukufungia nje. Kwa hiyo manenosiri ya BIOS huwekwa mawili, na la msimamizi ndilo hutangulia.

Msomaji anayetafuta maelekezo mitandaoni bado atakutana na ushauri wa zamani wa kutumia syskey, programu ndogo ya Windows iliyokuwa ikidai nenosiri la kuanzia. Ushauri huo uachwe kabisa. Microsoft iliiondoa programu hiyo katika Windows 10 toleo 1709 la mwaka 2017, kwa sababu usimbaji wake ulikuwa umeshapitwa na wakati na matapeli walikuwa wakiitumia kuwafungia watu kompyuta zao na kuwadai pesa.

Maandalizi

Jambo la kwanza ni ruhusa. Ikiwa kompyuta ni mali ya shule, SACCO, kliniki au kanisa, anayeweka nenosiri awe amekubaliwa na mkuu wa mahali hapo, na ikiwezekana kwa maandishi, kwa sababu kumfungia mwajiri nje ya mashine yake ni ugomvi usioisha kwa wema. Tena Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inahesabu kuwa ni kosa kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini yake, na kisingizio cha kwamba ulikuwa unaisaidia ofisi hakitakufikisha mbali.

La pili ni nakala rudufu. Nakili faili zote muhimu kwenye diski ya nje kabla ya kuanza, uichomoe, na uihifadhi mbali na kompyuta hiyo. Kuweka nenosiri hakufuti faili, ila kulisahau kunaweza kukupeleka kwa fundi, na mashine ikishafika kwa fundi hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba diski itarudi kama ilivyokwenda.

La tatu husahaulika kuliko yote. Ikiwa diski tayari imesimbwa kwa BitLocker, kubadili mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya ishuku kwamba mashine imechezewa, na ikiwaka tena idai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Fungua 'Control Panel', kisha 'BitLocker Drive Encryption', uangalie kama imewashwa. Ikiwa imewashwa, bofya 'Back up your recovery key', uuchapishe ufunguo huo kwenye karatasi, kisha bofya 'Suspend protection' kabla ya kuizima mashine. Katika baadhi ya mashine zenye Windows Home hutaona jina la BitLocker, bali 'Device encryption' katika mipangilio ya faragha na usalama, na ufunguo wake huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa mashine. Hapo kwetu pana mtego: mara nyingi akaunti hiyo si yako, ni ya fundi au muuzaji aliyekuwekea Windows dukani. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uhakikishe kwamba ufunguo uko kwako, na kama hauko, acha kazi nyingine zote mpaka jambo hilo litatuliwe.

Wanunuzi wa mashine za mtumba, kama Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre zilizowahi kutumika katika ofisi za ng'ambo, wana jambo moja la ziada, nalo hufanywa dukani kabla pesa haijatoka mfukoni. Mwambie muuzaji aizime mashine na kuiwasha tena mbele yako huku wewe ukibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS. Ikitokea alama ya kufuli au kisanduku kinachodai nenosiri la msimamizi, basi mwenyewe wa kwanza aliondoka na ufunguo wake, na mashine hiyo hutaweza kuiwekea nenosiri lako mpaka lile la zamani liondolewe. Muuzaji akisema kwamba hilo si tatizo kwa kuwa Windows inawaka, mwombe aliondoe mwenyewe au akupe mashine nyingine.

Mwisho wa maandalizi ni kibodi. Tumia yenye waya. Kibodi ya Bluetooth kwa kawaida haifanyi kazi kabla Windows haijaanza, na itakuwa fedheha kuweka nenosiri ambalo huna cha kuliandikia.

Kuyachagua maneno yenyewe

Hapa watu wengi hujiharibia kwa kutaka kuonyesha umahiri. BIOS nyingi huisoma kibodi kwa mpangilio wa Marekani, hata kama Windows yako imewekwa mpangilio wa Uingereza, na baadhi ya kompyuta zilizopo nchini zina kibodi za Kiingereza cha Uingereza. Itazame kibodi iliyo mbele yako: ikiwa juu ya tarakimu 2 pana alama za kufungulia nukuu, na alama ya @ iko upande wa kulia karibu na kitufe cha Enter, basi hiyo ni ya Uingereza. Ukiandika @ kwa kufuata mchoro wa kitufe, BIOS itapokea alama nyingine. Nenosiri litakubalika wakati wa kuliweka, kwa kuwa umekosea kwa namna ileile mara zote mbili, lakini siku kibodi itakapoharibika na kubadilishwa kwa nyingine ya mpangilio tofauti, hakuna atakayeelewa kwa nini nenosiri sahihi linakataliwa. Tumia herufi za kawaida na tarakimu za safu ya juu tu. Tarakimu za upande wa kulia hutegemea taa ya Num Lock, na taa hiyo si lazima iwe katika hali ileile kila mashine inapowaka.

Nguvu ya nenosiri itokane na urefu. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 iliacha kupendekeza kwamba watu walazimishwe kubadili manenosiri kila baada ya muda fulani, ikaweka uzito kwenye urefu badala ya mchanganyiko wa alama za ajabu. Maneno matatu au manne yasiyohusiana, yaliyoshikanishwa bila nafasi, kama kikapumvulengoma7, hukumbukika kwa urahisi na ni magumu kubahatisha. Mfano huu wenyewe usitumike, kwa kuwa umeshasomwa na wengi. Ukichanganya Kiswahili na Luganda, Lusoga au Acholi, ni bora zaidi. Jina la mtoto, namba ya simu, namba ya gari na mwaka wa kuzaliwa ni vitu ambavyo kila mfanyakazi mwenzako anavijua. Kumbuka pia kwamba baadhi ya BIOS za zamani zina kikomo kifupi cha herufi, kwa hiyo weka akiba ya neno fupi iwapo lile refu litakataliwa.

Yaandike yote mawili kwenye karatasi kabla ya kuingia BIOS. Karatasi hiyo itiwe katika bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi na kutiwa saini juu ya mfuniko wake, kisha ikabidhiwe kwa mtu mwenye sefu: mtunza fedha wa shule, mwenyekiti wa SACCO, au mwenye duka. Haifai kabisa kubandikwa chini ya kibodi, kwani hapo ndipo kila mtu huangalia kwanza.

Kuingia kwenye BIOS

Izime kompyuta kabisa, uiwashe, na papo hapo anza kubonyeza kitufe husika mara kwa mara bila kusubiri skrini ibadilike. Kwenye Dell kitufe hicho ni F2. Kwenye HP ni F10. Kwenye Lenovo ThinkCentre ni F1. Kwenye Acer ni Delete au F2. Mashine zilizounganishwa na mafundi wenyewe kwa bodi za ASUS, Gigabyte au MSI hufunguliwa kwa Delete. Kama skrini ni ya polepole kuwaka na unapitwa kila mara, tumia njia ya ndani ya Windows: shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya 'Restart', kisha ufuate 'Troubleshoot', 'Advanced options' na 'UEFI Firmware Settings'. Njia hiyo haipo katika mashine za zamani ambazo bado zinatumia BIOS ya kale, na kwa hizo vidole vyepesi ndiyo dawa pekee.

Ndani ya BIOS kipanya kinaweza kufanya kazi au kisifanye. Vitufe vya mishale, Enter na Esc vinatosha.

Kuweka manenosiri mawili

Tafuta sehemu iliyoandikwa 'Security', au 'Passwords' katika Dell mpya. Majina yaliyo ndani yake hutofautiana kwa kampuni, na hapo ndipo mtu hupotea. Dell huliita nenosiri la msimamizi 'Admin Password' na la kuwashia 'System Password'. HP huandika 'Setup Password' au 'BIOS Administrator Password' kwa lile la msimamizi, na 'Power-On Password' kwa lile la kuwashia. Bodi nyingi za madukani huandika 'Administrator Password' na 'User Password'. Ukikuta pia nenosiri la diski, yaani 'HDD Password' au 'Hard Disk Password', lipite bila kuligusa. Hilo hukaa ndani ya diski yenyewe, hufuatana nayo hata ikihamishiwa kwenye mashine nyingine, na likipotea kwa kawaida diski imepotea.

Anza na la msimamizi. Bonyeza Enter juu yake, andika nenosiri, bonyeza Enter, uandike mara ya pili, bonyeza Enter tena. Kisha fanya vivyo hivyo kwa nenosiri la kuwashia, ukitumia neno tofauti kabisa na la kwanza. Katika baadhi ya bodi pana mstari wa ziada ulioandikwa 'Password Check' wenye chaguo la 'Setup' na jingine lililoandikwa 'System', 'Boot' au 'Always'. Mstari huo ukibaki kwenye 'Setup', nenosiri litaombwa tu mtu anapoingia BIOS, na kompyuta itaendelea kuwaka kwa kila mtu kama kawaida. Watu wengi wanaolalamika kwamba wameweka nenosiri lakini haliombwi wameuacha hapo. Chagua lile jingine.

Usitoke bado. Nenda kwenye sehemu ya mpangilio wa kuwaka, inayoitwa 'Boot' au 'Boot Sequence', uiweke diski ya ndani juu kabisa na kuzima ruhusa ya kuwaka kwa flashi, CD na mtandao. Sasa hifadhi: katika bodi nyingi ni F10 kisha 'Yes', na katika Dell ni 'Apply' kisha 'Exit'.

Ukiona ushauri wa kusasisha BIOS wakati uko humo, usiufuate siku hiyo. Kuhifadhi nenosiri ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS bodi mama inaweza kufa moja kwa moja, na kazi hiyo haifai kufanywa bila UPS, kifaa cha umeme wa akiba, iliyo na betri nzima.

Jaribio lifanyike papo hapo, kabla hujaondoka mezani. Zima mashine, iwashe, uandike nenosiri la kuwashia. Herufi huonekana kama nukta, au hazionekani kabisa, na hilo ni la kawaida. Zima tena, iwashe, safari hii ukikosea makusudi, uone inavyokataa. Nyingi husimama baada ya kukosea mara tatu na kukutaka uzime na kuanza upya. Mara ya mwisho ingia BIOS ukitumia la kuwashia, uhakikishe kwamba huruhusiwi kubadili chochote. Kama ulikuwa umeisimamisha BitLocker, rudi Windows ubofye 'Resume protection'.

Kasha na betri ya bodi mama

Katika mashine nyingi, yeyote anayeweza kulifungua kasha anaweza kuyafuta manenosiri hayo, na hili watengenezaji wenyewe wamelieleza katika vitabu vya mashine. Kwenye bodi za Dell OptiPlex pana pini ndogo zilizoandikwa PSWD zikiwa zimefunikwa kwa jampa, kipande cha plastiki chenye ukubwa wa punje ya mchele. Kikiondolewa na mashine ikawashwa, manenosiri huondoka. Katika bodi nyingi za bei nafuu kutoa betri ya bodi mama kunatosha. Betri hiyo ni ile ya duara kama sarafu, yenye namba CR2032 na volti 3.

Tiba yake ni ya chuma. Mashine nyingi za ofisi za Dell, HP na Lenovo zina kitanzi kidogo nyuma ya kasha, ambapo kufuli ya kawaida hupita na kuzuia ubavu usifunguke, na tundu jembamba la kufungia waya wa chuma unaoliunganisha kasha na meza. Kufuli ya elfu chache dukani inaongeza usalama kuliko kubadili nenosiri kila mwezi. Nashangaa jinsi kitanzi hicho kinavyopuuzwa hata katika ofisi zenye mlinzi mlangoni.

Betri hiyo huleta tatizo jingine hata bila mwizi. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara na kompyuta huchomwa kwenye soketi zinazozimwa ukutani kila jioni, betri huchoka mapema. Dalili yake ni kwamba mashine inawaka ikionyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, na kivinjari kinaanza kudai kwamba tovuti ya URA au ya benki si salama. Katika bodi za bei nafuu, siku hiyohiyo mpangilio wa kuwaka na nenosiri pia vinaweza kuwa vimetoweka kimyakimya. Kwa hiyo tarehe ikiharibika, nunua betri mpya, chomoa waya wa umeme, badilisha betri, kisha rudia hatua zote za BIOS.

Umeme unaporudi usiku

Katika BIOS pana mpangilio unaoamua mashine ifanye nini umeme unaporudi: ibaki imezima, iwake, au irudi katika hali iliyokuwa nayo. Dell huuita 'AC Recovery' na HP 'After Power Loss'. Ofisi nyingi huuweka kwenye kuwaka, ili kompyuta kuu inayobeba programu ya wateja iwe tayari asubuhi. Ukishaweka nenosiri la kuwashia, mpangilio huo hausaidii tena, kwa kuwa mashine itawaka saa nane ya usiku na kusimama kwenye kisanduku cha nenosiri mpaka mtu afike. Kompyuta za makarani zilizounganishwa nayo zitasema tu kwamba haipatikani. Hali inaweza kuwa hiyohiyo Windows inapojiwasha upya baada ya masasisho.

Kwa hiyo mashine ya namna hiyo ifikiriwe peke yake. Ikiwa tawi la SACCO lina kompyuta moja inayotegemewa na nyingine zote, maoni yangu ni kwamba isiwekewe nenosiri la kuwashia. Iwekwe katika chumba kinachofungwa kwa ufunguo, iwe na nenosiri la msimamizi wa BIOS, na diski yake isimbwe kwa BitLocker inayotegemea chipu ya TPM, ile inayotunza funguo za usimbaji ndani ya mashine, bila PIN. Kompyuta za kaunta na za ofisi ya mhasibu ndizo zinazofaa nenosiri la kuwashia, kwa kuwa hukaa mbele ya watu na haziumizi mtu zikisubiri.

Diski iliyosimbwa

Kwa mashine yenye taarifa za watu wengine, kama majina ya wagonjwa, ada za wanafunzi au namba za vitambulisho vya wakopaji, usimbaji si anasa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa binafsi achukue hatua za kiufundi na za kiutawala kuzilinda, na zikivuja atoe taarifa kwa mamlaka mara moja. Kasha lililoibwa likiwa na diski iliyosimbwa ni hasara ya mali, ilhali likiwa na diski iliyo wazi ni hasara ya mali pamoja na siri za watu.

BitLocker hupatikana katika Windows Pro, Enterprise na Education. Ili ikuombe PIN wakati wa kuwaka, andika gpedit.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha fuata 'Computer Configuration', 'Administrative Templates', 'Windows Components', 'BitLocker Drive Encryption' na 'Operating System Drives'. Fungua 'Require additional authentication at startup', chagua 'Enabled', na kwenye mstari wa PIN chagua 'Require startup PIN with TPM'. Baada ya hapo washa BitLocker kwenye diski C, weka PIN ya tarakimu zisizopungua 6, na uhifadhi ufunguo wa urejeshaji nje ya mashine hiyo. Diski ikiwa tayari imesimbwa, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike manage-bde -protectors -add C: -TPMAndPIN.

Mashine ya zamani isiyo na TPM haijaachwa. Katika ukurasa uleule pana kisanduku kinachoruhusu BitLocker bila TPM. Ukikiweka alama, utaruhusiwa kutumia nenosiri la kawaida, nalo litaombwa kila mashine inapowaka. Kwa kompyuta kuukuu inayotumiwa na mtu mmoja, naiona njia hii kuwa bora kuliko nenosiri la BIOS peke yake, kwa sababu kutoa betri au diski hakumsaidii mwizi kitu.

Watumiaji wa Linux huchagua usimbaji wa LUKS wakati wa kuusakinisha mfumo, na wenye iMac huwasha FileVault. Kwa wote hao nenosiri huombwa kabla ya faili kufunguka.

Nenosiri la Windows bado lina kazi

Nenosiri la kuwashia huombwa mashine inapowaka, na kwa kawaida haliombwi inapoamka usingizini. Karani akienda kula chakula cha mchana na kuiacha imelala, atakayekigusa kipanya ataingia moja kwa moja ikiwa akaunti ya Windows haina nenosiri. Weka nenosiri kupitia 'Settings', 'Accounts', 'Sign-in options', na kila mtumiaji awe na akaunti yake. Wazoeze kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L kila wanapoinuka kwenye kiti.

Kusahau, kuondoka na kuuza

Nenosiri la kuwashia likisahaulika, fungua bahasha. Likiwa halimo, la msimamizi ndilo litakaloingia BIOS na kuweka jingine. Yakipotea yote mawili, peleka mashine kwa fundi pamoja na risiti ya ununuzi, na ukae naye wakati anafungua kasha. Diski iliyosimbwa na BitLocker haina fundi: bila PIN wala ufunguo wa urejeshaji, kilichobaki ni nakala rudufu tu.

Mfanyakazi anapoacha kazi, badilisha la kuwashia siku hiyohiyo, ubadilishe na karatasi iliyomo kwenye bahasha. Ikiwa alilijua pia la msimamizi, badilisha yote na uangalie upya mpangilio wa kuwaka.

Mashine inapouzwa, utaratibu hugeuzwa. Hamisha faili zako, rejesha Windows katika hali ya mwanzo ukichagua kufuta kila kitu, kisha ingia BIOS uondoe nenosiri la kuwashia na mwishowe la msimamizi. Kwa kawaida huondolewa kwa kuandika la zamani na kuacha nafasi ya jipya tupu. Iwashe mara moja mbele ya mnunuzi, mwache aingie BIOS mwenyewe, ndipo mpokezane pesa.